Je, filamu ya wizi wa kasino inafaa kutazamwa na familia nzima usiku wa Idi?

Swali: Kaka yangu ametuletea kwenye flashi filamu ya Ocean's Eleven, ile ya mwaka 2001. Anasema ni safi, hakuna anayeuawa, na kwamba tuitazame sote usiku wa Idi pili. Nyumbani nitakuwa na wanangu watatu, wa miaka 7, 11 na 15, mama mkwe wangu, pamoja na wageni wachache. Mume wangu amekataa katakata. Anasema filamu ambayo wezi ndio mashujaa itawafundisha watoto wizi. Mimi mwenyewe sijaitazama. Naomba ushauri. (Mama wa watoto watatu, Tanga)

Jibu: Dada yangu, nitangulize uamuzi ili usije ukaupoteza katikati ya maelezo. Usiku wa Idi, mbele ya mama mkwe na mtoto wa miaka 7, filamu hiyo isiwashwe. Siku nyingine, baada ya wewe na mume wako kuitazama kwanza, mtoto wa miaka 15 anaweza kuitazama pamoja nanyi bila ya hofu kubwa. Yule wa miaka 11 ningemsubirisha mwaka mmoja au miwili, kwa sababu nitakayoieleza, ambayo haihusiani sana na wizi. Mume wako amefika kwenye jibu lililo sahihi, lakini njia aliyoifuata, akiishikilia, itamfanya akatae filamu nyingi zisizo na neno na aruhusu nyingine zinazostahili kukataliwa. Kaka yako naye amesema kweli, ila kuna tukio moja limempita.

Nikueleze kwa ufupi kilichomo, kwa kuwa hujaitazama. Danny Ocean, mwizi mzoefu, anatoka jela kwa kuachiliwa kwa masharti na papo hapo anaanza kukusanya wenzake kumi ili waibe fedha za kasino tatu za Las Vegas, yaani Bellagio, Mirage na MGM Grand, ambazo katika hadithi hiyo zinahifadhi fedha zao katika chumba kimoja cha hazina chini ya ardhi. Wanachagua usiku wa pambano la ngumi, kwa sababu usiku huo wacheza kamari hufurika na fedha taslimu zinazopaswa kuwekwa tayari zinafika dola milioni 150. Kila mmoja ana ufundi wake: yupo wa baruti, yupo wa kamera na kompyuta, yupo mwanasarakasi Mchina anayejikunja akaenea ndani ya toroli la fedha, na yupo mzee anayejifanya tajiri kutoka Ulaya. Mwenye kasino hizo, Terry Benedict, ndiye pia aliye na Tess, mwanamke ambaye zamani alikuwa mke wa Ocean, kwa hiyo wizi wenyewe una kisasi cha mapenzi ndani yake. Filamu imetengenezwa kwa ustadi na mimi naipenda; nasema hivyo mapema ili usidhani nakuzuilia kitu nisichokipenda.

Nchini Marekani ilipewa daraja la PG-13. Daraja hilo lilianzishwa mwaka 1984, baada ya wazazi kulalamika kwamba baadhi ya filamu zilizoruhusiwa kwa watoto zilikuwa zinatisha kupita kiasi, nalo ni onyo kali kwa wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13, si katazo; mtoto wa miaka 9 hazuiwi na daraja hilo kuingia ukumbini. Sababu zilizoandikwa kwa filamu hii ni mbili tu, lugha na mambo ya kimapenzi. Ukizisoma kwa makini utaona kwamba wizi haukutajwa wala kamari haikutajwa, na hakuna aliyefikiria kwamba mtazamaji anaweza kuwa ameketi bega kwa bega na mama mkwe wake. Daraja la Marekani hupima kinachoingia katika jicho la mtoto mmoja mmoja. Sebule ya Idi hupimwa kwa namna nyingine, kwa sababu humo jambo ambalo kijana wa miaka 15 angelipita bila kulitilia maanani linaweza kumfanya atazame sakafu kwa aibu pale tu bibi yake anapokohoa. Kenya ina madaraja yake, GE (ya watu wote), PG (kwa mwongozo wa wazazi), 16 na 18, na Tanzania ina Bodi ya Filamu, lakini filamu iliyonakiliwa kwenye flashi hupita pembeni ya vyombo vyote hivyo, na mkaguzi anayebaki ni mwenye nyumba.

Sasa nije kwenye hofu ya mume wako. Naomba umuulize kama mama yake hajawahi kuwasimulia wajukuu kisa cha Abunuwasi na sufuria. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha ikiwa na sufuria ndogo ndani yake, akasema imezaa, na jirani akapokea vyote viwili kwa furaha. Mara ya pili akaazima tena, akakaa nayo kimya, na alipodaiwa akajibu kwamba sufuria imekufa, na aliyekubali kwamba sufuria huzaa hana budi kukubali kwamba hufa. Tukikitazama kisa hicho kwa jicho la polisi, ni utapeli uliopangwa kwa hatua mbili, wenye maandalizi, chambo na shabaha iliyochaguliwa kwa uangalifu; na watoto wa Kiswahili hukicheka tangu wakiwa wadogo bila ya kukua wakawa matapeli. Tunacheka kwa sababu jirani alikubali uongo ulipomletea faida. Sungura naye, katika ngano zetu, ameiba mashamba na visima vya watu tangu enzi za mababu, na hakuna anayependekeza azuiwe kusimuliwa.

Wamarekani wenyewe waliwahi kuijaribu kanuni ya mume wako kwa zaidi ya miaka thelathini. Kanuni za maadili ambazo kampuni za Hollywood zilijiwekea mwaka 1930, na zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, zilikataza filamu kuivuta huruma ya watazamaji upande wa uhalifu, na zikakataza pia kuonyesha kwa undani namna ya kuiba au kuvunja sefu. Filamu ya kwanza yenye jina hilihili ilitoka mwaka 1960, kanuni hizo zikiwa bado zinafanya kazi, na mwisho wake ni huu: wezi waliyaficha mapesa ndani ya jeneza la mwenzao aliyefariki, kisha jeneza likachomwa moto pamoja na maiti, na wao wakabaki mikono mitupu. Mwaka 1968 kanuni ziliondolewa na madaraja ya umri yakachukua nafasi yake, ndiyo maana wezi wa mwaka 2001 wanaondoka na mzigo wao salama. Je, watazamaji wa 1960 walitoka ukumbini wakiwa waadilifu zaidi? Sidhani. Mtu aliyeshangilia wezi kwa saa mbili hupokea adhabu ya dakika tatu za mwisho kama mlipa kodi anavyopokea risiti; anaitia mfukoni na kuendelea na safari.

Kwa sababu hiyo, filamu ya wizi siipimi kwa mwisho wake. Mimi humtazama aliyeibiwa. Naangalia kama filamu inatuachia nafasi ya kumwona kama mtu, au kama imemfunika ili hasara yake isituume. Katika Ocean's Eleven amefunikwa vizuri sana. Kabla Benedict hajafanya lolote baya mbele ya macho yetu, tunasimuliwa kwamba aliyewahi kukamatwa akimdanganya kasinoni alifungwa miaka kumi, kisha nyumba yake ikachukuliwa na benki kwa mkono wa Benedict, na hata biashara ya matrekta ya shemeji yake ikafilisiwa. Baada ya masimulizi hayo, nani atamhurumia? Na wale walinzi waliokuwa zamu usiku huo, mafundi walioibiwa kadi zao za kupitia milango, watunza fedha walioamini sare bandia, filamu haitupeleki kwao asubuhi yake. Mtoto wa miaka 15 akiulizwa swali hilo baada ya filamu anaweza kulijibu, tena kwa hamu. Mtoto wa miaka 7 hawezi. Kwake yeye aliye mwema ni yule aliyevaa suti nzuri na anayewachekesha watu.

Kuhusu kuuawa, kaka yako amekosea kidogo. Wakati mzee mmoja anaeleza kwa nini kasino za Las Vegas haziibiki, tunaonyeshwa kwa haraka majaribio matatu ya zamani, na katika lile la tatu, la mwaka 1987, mwizi anakimbia nje ya kasino na kupigwa risasi. Tukio hilo ni la sekunde chache, halina damu ya kutisha, na limepangwa kama mzaha. Mimi mzaha huo ndio unaonisumbua kuliko risasi, kwa kuwa kijana aliyezoea kucheka hapo hatauona uzito wa jambo hilo hilo likitokea mtaani. Zaidi ya hapo, walinzi wanazidiwa nguvu bila ya kuuawa, na milio ya bunduki inayosikika baadaye kwenye chumba cha hazina ni sehemu ya udanganyifu wenyewe.

Kwamba filamu itawafundisha namna ya kuiba, lisiwakoseshe usingizi. Kifaa kinachozima umeme wa mji mzima kutoka ndani ya gari dogo ni cha kubuni, na hicho chumba kimoja cha kasino tatu ni cha kubuni pia.

Kamari ndiyo inayonifanya nimsubirishe mtoto wa miaka 11, na hapa naomba uniruhusu niseme kwa urefu, kwa sababu sijaona mzazi hata mmoja aliyeniuliza juu yake. Mtoto huiga kilicho karibu na mkono wake. Sefu ya Las Vegas iko mbali na Tanga kwa kila hali. Hatapata baruti, wala mwanasarakasi, wala wenzake kumi wenye suti. Kubashiri mechi, kwa upande mwingine, kuko kwenye simu ya mjomba wake aliyelala kochini baada ya biriani, na matangazo yake yanapita redioni kabla ya mpira na baada ya mpira. Mapema katika filamu hii tunapelekwa kwenye meza ya karata, ambapo vijana waigizaji wanafundishwa namna ya kucheza, na kuanzia hapo kasino inaonyeshwa kama jumba la kifalme: chemchemi zinazorusha maji juu kwa mpangilio wa muziki, taa, mazulia, wanawake waliovaa vizuri, na wahudumu wanaoinama. Hatumwoni hata mtu mmoja aliyepoteza kodi ya nyumba. Hatumwoni mke anayesubiri.

Tena kuna maneno ambayo Ocean anamwambia rafiki yake akimshawishi waifanye kazi hiyo, ambayo ningependa uyasikilize kwa makini. Anasema, kwa maana yake, kwamba ukicheza kwa muda mrefu bila ya kubadili dau lako, wenye kasino watakula kila ulichonacho. Isipokuwa siku moja zikikujia karata kamili, ukaweka dau kubwa, ukawala wao. Nusu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli tupu, na ningefurahi kila kijana aikariri. Nusu ya pili ndiyo hasa sumu ambayo kila mcheza kamari aliyefilisika amewahi kuinywa, ile imani kwamba ipo siku moja, dau moja, na yote yaliyopotea yatarudi. Rafiki yake katika filamu anagundua kwamba Ocean aliyafanyia mazoezi maneno yale, na watazamaji wanacheka. Kijana wa miaka 15 mwenye mzazi pembeni anaweza kuelekezwa aone kwamba hapo tumechekeshwa ili tusihoji. Mtoto wa miaka 11 atachukua nusu ya pili peke yake, kwa sababu ndiyo tamu.

Kuhusu mama mkwe, sihitaji kukueleza wewe maana ya haya. Kuna kipande ambacho mmoja wa wafanyakazi wa kasino anapatikana kupitia udhaifu wake kwa mchezaji dansi, na kwa muda mfupi kamera inaingia katika klabu ambamo wasichana wanacheza wakiwa wamevaa kidogo mno. Kwa wakaguzi wa Marekani ni jambo dogo la kuandikwa maneno mawili. Kwenye sebule yenye mkwe, wajukuu na mgeni aliyekuja kutoa mkono wa Idi, ni dakika ambayo kila mtu anajifanya anatafuta kitu mezani. Usitegemee kidhibiti cha mbali kukuokoa kwa kuruka kipande hicho. Nimewaona watoto ambao hawakuwa wakifuatilia filamu hata kidogo wakiinua vichwa kwa pamoja mara tu picha ilipoanza kukimbia, na wiki moja baadaye wakakitafuta wenyewe kipande kilichorukwa. Matusi yamo pia, mengi yakiwa ya Kiingereza cha haraka ambacho huenda mkwe wako asikishike, lakini mtoto wa miaka 15 atayashika yote.

Hapo linakuja jambo ambalo hakuna daraja la nchi yoyote linaloligusa. Angalia kama nakala ya kaka yako ni ya Kiingereza au ni ile iliyotafsiriwa na kuingizwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili. Wasimulizi hao, wa Kenya na wa Tanzania, wana kipaji ambacho mimi nakiheshimu. Wamewafikishia filamu watu ambao wasingezielewa kabisa, na mabanda ya video yamejaa kwa ajili yao. Lakini msimulizi huongeza ya kwake. Mahali ambapo mwigizaji amenyamaza yeye huweka utani, na utani huo mara nyingine ni wa vijiweni, wenye matusi ya Kiswahili yanayoeleweka na kila aliyeketi, kuanzia mtoto wa chekechea hadi bibi. Filamu ya PG-13 ikishapitia kinywa hicho inaweza kuwa ya watu wazima watupu, na inaweza pia, msimulizi akiwa mstaarabu, kuwa laini kuliko ya asili. Huwezi kujua bila ya kuisikiliza. Kwa hiyo ukiitazama kwanza, itazame nakala hiyo hiyo utakayoionyesha, kwa sauti hiyo hiyo, na usiridhike kwa kusoma habari zake mtandaoni.

Kwa mtoto wako wa miaka 15, siku mtakayoitazama naye, usimkatize katikati kwa mawaidha, maana atajifunza tu kutotazama filamu nanyi. Msubiri hadi mwisho, kisha mwambie habari ya Antwerp, Ubelgiji. Mwezi Februari mwaka 2003, Waitaliano walivunja sehemu ya kuhifadhia almasi katika jengo la wafanyabiashara wa mji huo, wakaondoka na vito vinavyokadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 100. Maandalizi yao yalifanana kabisa na ya filamu: kiongozi wao, Leonardo Notarbartolo, alipanga ofisi katika jengo hilo hilo na kujifanya mfanyabiashara kwa muda mrefu kabla ya wizi. Walikamatwa kwa sababu ya mfuko wa takataka uliotupwa kando ya barabara kuu, wenye karatasi na mabaki ya chakula chao. Notarbartolo alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Muulize kijana wako kwa nini filamu hazipendi sana kuonyesha takataka, kisha umwache aongee. Utashangaa atakavyojua mengi. Katika Ocean's Eleven yenyewe kuna mbegu ya mazungumzo hayo, kwani Ocean anarudi jela kwa miezi kadhaa kwa kuvunja masharti ya kuachiliwa kwake, na anapotoka, gari lenye watu wa Benedict linamfuata nyuma. Watazamaji wengi hulisahau gari hilo kwa sababu muziki unawaambia kwamba mambo yamekwisha salama.

Jiandae pia kwa ombi litakalofuata. Kijana akiifurahia filamu hii atataka ile tamthilia ya Kihispania ya wezi wenye ovaroli nyekundu na vinyago, La Casa de Papel, na atakwambia kwamba ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Mna damu, mna ngono iliyo wazi, na mna mateka ambao mateso yao hayafichwi. Kwa kipimo changu cha kumtazama aliyeathirika, ina ukweli zaidi kuliko Ocean's Eleven, na hata hivyo si ya miaka 15. Kipimo kimoja hakitoshi kwa kila filamu, na sioni haya kusema hivyo hata kama kipimo chenyewe ni changu.

Kwa usiku wa Idi, kama nyumba inataka wizi wa kuchekesha, tafuta The Bad Guys, katuni ya mwaka 2022 yenye daraja la PG. Wezi wake ni mbwamwitu, nyoka, papa, buibui na samaki piranha, kwa hiyo mama mkwe atakuwa nyumbani kwake, katika dunia ya Sungura na Fisi. Na anayejifanya mwema kuliko wote ndiye mwizi mkubwa, jambo ambalo mtoto wa miaka 7 atalielewa na la kwamba mashujaa wanajisalimisha na kufungwa atalikubali bila ya kulalamika. Mna utani wa ushuzi, tena mwingi. Wa miaka 11 ataucheka hadi machozi, na mkwe wako, kama ni kama wakwe ninaowajua wa Tanga, ataficha mdomo kwa mtandio.

Na hiyo flashi ya kaka yako, itoe kwenye televisheni kabla wageni hawajafika, wala usiridhike kwa kuifuta filamu hiyo moja tu. Flashi za kunakiliwa hubeba filamu nyingine nne au tano zisizojulikana, na televisheni nyingi, ya kwanza ikiisha, huifungulia inayofuata bila ya kumwuliza mtu, nanyi mkiwa jikoni mnagawa kahawa.